Mafuta Yabebayo Dawa na Walinzi wa Damu

Mtu asafiriye kutoka Mwanza kwenda Bariadi huifuata kwanza barabara ya Musoma, ziwa likiwa mkono wake wa kushoto, mpaka afike Lamadi. Hapo huliacha ziwa nyuma yake akaelekea kusini, na baada ya muda nchi hufunguka ikawa uwanda mpana wa mashamba ya pamba, mahindi na dengu, wenye vilima vya mawe hapa na pale. Hii ndiyo nchi iliyofanywa Mkoa wa Simiyu katika mwaka wa 2012. Kabla ya hapo ilikuwa sehemu ya Shinyanga, na zamani za Waingereza Bariadi yenyewe, yaani Ntuzu ya watemi, ilihesabiwa ndani ya Wilaya ya Maswa. Nataja habari hizi za mipaka mapema ili msomaji asishangae nitakapomchukua Maswa, kisha Tinde, katika makala inayoanzia Bariadi. Iliyohama ni mipaka. Watu ni walewale.

Mimi ni mwalimu wa lugha, si tabibu, na sababu ya kuandika juu ya jambo lisilo langu ni swali nililoulizwa na baba yangu mkubwa. Ilikuwa mapema mwaka wa 2022, nami nimekwenda nyumbani kuwaamkia wazee. Chanjo ya Uviko ya kwanza kutolewa nchini, iliyozinduliwa tarehe 28 Julai 2021, ilikuwa ya Janssen. Lakini wakati ule zilikwisha kuingia pia zile za Pfizer na Moderna, na mzee alikuwa amesikia kwamba hizi za pili zina kitu kigeni ndani yake. Akaniambia, "Mwanangu, wewe uliyesoma mpaka madarasa yakakuishia, niambie, ndani ya sindano hii mna nini?" Nikamjibu kwa haraka kwamba mna mafuta, baba, yaliyobeba maandishi madogo ya kuufundisha mwili. "Mafuta ya nini?" akauliza. "Ya ng'ombe au ya mbegu za pamba?" Watu waliokuwapo barazani wakacheka, nami nikacheka pamoja nao. Usiku nilipolala nikaona haya, maana swali lilikuwa la haki kabisa na mimi sikuwa na jibu. Mzee huyu alipata kusimuliwa na baba yake jinsi watu walivyotolewa vijijini kwenda kukata pori kwa sababu ya mbung'o. Aliyekatiwa pori bila ya kuelezwa sababu hawezi kulaumiwa akiuliza habari ya sindano. Haya yafuatayo ndiyo jibu nililopaswa kumpa, ijapokuwa ni refu kuliko subira ya barazani.

Katika mwaka wa 1922 ugonjwa wa malale ulitambuliwa Maswa. Ulikuwa wa aina ya mashariki, wenye haraka, ambao humuua mtu kwa wiki au miezi michache, si kwa miaka kama ule wa magharibi. Charles Swynnerton, Mwingereza aliyekuwa mkuu wa mambo ya wanyama wa pori katika Tanganyika, alikuja kuchunguza. Mbung'o wa nchi ile wakaonekana ni wa namna ambayo ilikuwa haijapata kuandikwa na wataalamu, na mwaka wa 1923 wakapewa jina lake, Glossina swynnertoni, jina walilo nalo hata leo katika mbuga za Serengeti na Maswa. Ndipo ikaanza kazi kubwa ya Shinyanga, ambamo maelfu ya watu, wakiongozwa na watemi wao, walikata na kuchoma vichaka ili kumnyima mbung'o kivuli. Swynnerton alifariki katika ajali ya ndege mwaka wa 1938. Vichaka viliota tena kila mahali palipoachwa bila ng'ombe wala jembe.

Dawa iliyokuwapo kwa wagonjwa wa mwanzo ilikuwa suramini, iliyotengenezwa Ujerumani wakati wa Vita Kuu ya Kwanza na kujulikana mwanzoni kwa jina la Bayer 205. Ilitiwa katika mshipa. Nasi tuishike sifa yake moja, kwa kuwa itatufaa mbele: suramini ikiingia katika damu hushikamana na protini za damu, na kwa sababu ya ushirika huo hukaa mwilini wiki nyingi. Hapana dawa isafiriyo peke yake ndani ya mtu. Kila dawa hupata mwenzi wa njiani, na mara nyingi mwenzi huyo ndiye aamuaye itakaa muda gani na itafika wapi. Suramini haikuweza kufika katika ubongo, basi mgonjwa ambaye vijidudu vimekwisha kumfika kichwani haikumwokoa.

Palibaki fumbo ambalo kukata pori hakukulifumbua. Wanyama wa mwitu na ng'ombe wa Usukumani walikuwa na tripanosoma katika damu yao, na vijidudu vile, vikitazamwa kwa hadubini, havikuwa na tofauti yoyote na vile vya mtu mwenye malale. Mbung'o waliwauma wanyama, kisha wakawauma watu. Walakini watu wengi mno hawakuugua. Tangu mwaka wa 1902 Alphonse Laveran, Mfaransa, alikuwa ameonyesha kwamba majimaji ya damu ya binadamu yana nguvu ya kuviua vijidudu vya nagana, yaani malale ya wanyama. Ni nini basi kilichomo katika damu yetu? Na vile vichache viuavyo watu vinaponaje? Tena, vikikaa muda mrefu kwa wanyama, je, husahau njia ya kumwingia mtu?

Swali la mwisho lilijibiwa Tinde, kusini ya Shinyanga, katika maabara iliyojengwa kwa ajili ya malale. Jaribio lilianza mwaka wa 1934 chini ya J. F. Corson. Vijidudu vya aina iuayo watu vilipitishwa kwa mbung'o kutoka kondoo hadi kondoo na kutoka swala hadi swala, mwaka baada ya mwaka, na mara kwa mara mbung'o wale waliwekwa wamuume mtu aliyejitolea, ili ionekane kama ataugua. Kazi ilirithiwa na Fairbairn na Burtt, kisha Willett, kisha Ashcroft. Taarifa iliyotolewa mwaka wa 1955 ilihesabu miaka kumi na minane, na vijidudu vilikuwa bado vina uwezo wa kumwingia mtu. Katika kusimulia habari hii darasani desturi ni kuwataja mabwana niliowataja sasa hivi. Mimi nataka wanafunzi wangu wawakumbuke kwanza wale waliotoa mikono yao, kwa maana vifaa vya maabara ya Tinde vilikuwa vitatu: mbung'o, kondoo na mtu.

Jibu la swali la kwanza lilichelewa sana. Mwaka wa 1978 Mary Rifkin, akifanya kazi New York, alionyesha kwamba kitu kiuacho tripanosoma katika damu ya binadamu ni namna ya mafuta. Au tuseme kwa usahihi zaidi, ni chembe ndogo mno za mafuta zilizovikwa protini, ambazo matabibu huziita lipoprotini nzito. Mtu apimwaye kolesteroli hospitalini leo hupewa hesabu ya chembe za jamii hii. Ndizo ziitwazo "mafuta mazuri". Miaka iliyofuata ilitueleza ufundi wake. Baadhi ya chembe hizo hubeba protini iitwayo apolipoprotini L1, iliyotambuliwa kuwa ndiyo silaha mwaka wa 2003, na pamoja nayo hubeba chambo cha hemoglobini. Kijidudu huhitaji chakula kilichomo katika hemoglobini. Hukipokea chambo, hukimeza pamoja na chombo chote, na ndani ya tumbo lake silaha hufunguka, ikatoboa matundu, kijidudu kikafura na kupasuka. Kile cha Maswa na Tinde kina protini yake kinga iitwayo SRA, ambayo huishika silaha kabla haijafanya kazi. Kinga hiyo ni ya kurithiwa katika uzao wa kijidudu chenyewe. Hiyo ndiyo sababu miaka kumi na minane ya kukaa kwa kondoo haikuiondoa.

Hapa ndipo habari ya malale inapokutana na swali la baba yangu mkubwa. Kumbe kabla mwanadamu hajafikiri kutia dawa ndani ya mafuta, mwili wake ulikwisha kufanya hivyo: chombo cha mafuta, mzigo wa sumu ndani yake, na kitu cha kuufikisha mzigo kwa adui. Tena chombo hicho huzunguka katika damu siku kadhaa, kikipita katika ini na wengu mara elfu nyingi, na walinzi waliomo humo hawakigusi. Mambo haya matatu, yaani chombo, mzigo na ruhusa ya kupita, ndiyo mabingwa wa dawa waliyoyatafuta kwa zaidi ya miaka sitini. Mawili ya kwanza waliyapata upesi. Ruhusa ndiyo iliyowatoa jasho.

Tuwajue kwanza walinzi. Mwaka wa 1882, huko Messina katika kisiwa cha Sicily, Ilya Metchnikoff alichoma mwiba wa waridi katika kiluwiluwi cha kiti cha pweni kilichokuwa kinapenya nuru, na kesho yake akaona chembe zimeuzunguka mwiba ule kama watu waliozunguka moto. Akafahamu kwamba katika mwili zimo chembe ambazo kazi yake ni kula kisicho cha mwili. Mwaka wa 1908 akapewa Tuzo ya Nobel pamoja na Paul Ehrlich. Mwaka wa 1924 Ludwig Aschoff, Mjerumani, alizikusanya chembe walaji zilizokaa katika ini, wengu na uboho akazieleza kuwa ni jamii moja. Walinzi hawa hawazunguki. Wamekaa katika njia nyembamba za damu kama askari wa kizuizini barabarani, na damu yote ya mtu hupita mbele yao.

Wanamjuaje mgeni? Mara nyingi kwa alama aliyopakwa njiani. Kitu kigeni kikiingia katika damu, hakikai uchi hata dakika moja. Protini za damu hukirukia na kukifunika. Baadhi yake ni kingamwili, na baadhi ni zile za mfumo wa komplementi, zenye kazi ya kubandika alama ya kwamba "hiki kiliwe". Almroth Wright wa London, aliyezichunguza mwaka wa 1903, aliziita opsonini, kutokana na neno la Kiyunani opson. Kamusi za Kizungu hulizunguka neno hili kwa maneno mengi, kwa kuwa lugha zao hazina jina lake. Sisi tunalo: ni kitoweo. Myunani wa kale alikuwa na mkate na opson, kama Msukuma alivyo na ugali na mboga. Kitu kigeni kisicho na opsonini ni ugali mkavu, mlaji hukitazama bila hamu. Kikipakwa opsonini hukimeza mara moja. Nimefundisha lugha kwa muda wa kutosha kujua kwamba si kila mara Kiswahili hupata bahati ya namna hii.

Sasa tumjibu mzee juu ya pamba. Katika miaka ya 1950 Wamarekani walitengeneza mafuta ya kutia katika mshipa wa mgonjwa asiyeweza kula, nayo yalikuwa hasa mafuta ya mbegu za pamba, yaliyovurugwa katika maji mpaka yakawa meupe kama maziwa. Yaliitwa Lipomul. Wagonjwa wengine waliyapokea vema. Wengine walipata homa na baridi, maumivu ya mgongo, na kwa waliotiwa siku nyingi, umanjano wa macho na kutokwa damu. Walipotazamwa chembe walaji wa ini lao, zilionekana zimejaa mabaki ya mafuta yale. Walinzi walikuwa wameshiba mno, na mlinzi aliyeshiba hafai kwa ulinzi. Katikati ya miaka ya 1960 dawa hiyo iliondolewa. Mahali pake pakashikwa na mafuta ya soya yaliyotengenezwa na Arvid Wretlind wa Sweden, yaliyofungwa kwa fosfolipidi za kiini cha yai, nayo yanatumika hospitalini mpaka sasa. Kwa hiyo mkulima wa Bariadi aulizaye kama ni ya pamba anauliza jambo lililokwisha kujaribiwa na kuachwa, ingawa yeye hakuambiwa.

Chombo chenyewe, yaani kifuko chenye uwazi ndani, kilipatikana bila kutafutwa. Alec Bangham wa Babraham, karibu na Cambridge, alikuwa mwaka wa 1961 akitazama fosfolipidi kwa hadubini ya elektroni pamoja na Robert Horne. Mafuta ya aina hii yana kichwa kipendacho maji na mkia uyachukiao. Yakitiwa majini hujipanga yenyewe, mikia kwa mikia, yakawa ngozi mbili zilizojifunga duara. Mwaka wa 1968 vifuko hivyo vikapewa jina la liposomu. Mwaka wa 1971 Gregory Gregoriadis na Brenda Ryman, huko London, walitia kimeng'enya ndani ya liposomu wakawachoma panya. Walitumaini kwamba hapo siku moja vifuko vingepeleka dawa popote tabibu atakapo. Vifuko vilitoka katika damu upesi sana, na sehemu kubwa ikaonekana katika ini na wengu. Walinzi walikuwa wamekwisha kuvila.

Kwa miaka mingi jambo hili liliandikwa kama hasara. Mabingwa walijifunza kwamba kifuko kikubwa huliwa upesi kuliko kidogo. Kwamba chenye chaji ya umeme juu yake huvuta protini zaidi kuliko kisicho nayo. Kwamba kolesteroli ikiongezwa ngozi hukaza na kitoweo hakishiki vizuri. Yote haya yaliwaongezea saa chache. Lakini wengine waligeuza swali. Ikiwa vifuko hupenda kwenda kwa chembe walaji, kwa nini tusitafute ugonjwa unaokaa humo humo?

Ugonjwa huo upo, nao ni wa Afrika Mashariki: kala-azar. Simiyu si nchi yake. Mashamba yake ni Sudan na Sudan Kusini, Ethiopia, Baringo, Turkana na Pokot Magharibi katika Kenya, na Karamoja ya Uganda. Kijidudu chake, leishmania, huliwa na chembe mlaji lakini hakifi. Hujenga nyumba ndani ya yule aliyetumwa kumuua, kikazaana humo mpaka wengu wa mgonjwa huvimba kama mtungi. Katika miaka ya 1977 na 1978 watafiti wa Uingereza na Marekani, kila kundi kwa njia yake, walitia dawa za antimoni katika liposomu wakawapa wanyama wenye ugonjwa huu, na dawa ikafanya kazi mara nyingi zaidi kuliko ilipokwenda peke yake. Mlinzi aliumeza mzigo kwa hiari, na ndani ya nyumba yake adui akapata sumu. Msomaji ataona mara moja kwamba huu ni mtego uleule wa damu yetu dhidi ya nagana, ila umegeuzwa: kule hula kijidudu, hapa hula mlinzi.

Dawa iliyozaliwa na fikira hii ni amfoterisini ya liposomu, iliyopata ruhusa Ulaya mwaka wa 1990 kwa jina la AmBisome. Amfoterisini yenyewe ni dawa kali iharibuyo mafigo. Ndani ya kifuko madhara hayo hupungua sana. Huko Bihar katika India, Shyam Sundar na wenzake walitangaza mwaka wa 2010 kwamba dozi moja tu iliwaponya zaidi ya wagonjwa 95 katika kila 100. Furaha ilikuwa kubwa, ikadhaniwa kwamba na huku itakuwa vivyo hivyo. Haikuwa. Majaribio ya dozi moja katika Sudan, yaliyotangazwa mwaka wa 2014, yalisimamishwa kwa kuwa waliopona hawakutosha, na Afrika Mashariki ikabaki na sindano za antimoni na paromomaisini kila siku kwa siku 17. Chombo ni kimoja, kijidudu ni cha jamii moja, matokeo ni mbalimbali. Mimi nayaona haya kuwa onyo kwa wote wadhanio kwamba mwili wa mtu ni kitabu kilekile kila mahali.

Uganda ilipata bahati bora katika ugonjwa mwingine, homa ya uti wa mgongo iletwayo na kuvu kwa watu wenye UKIMWI. Kampala na Mbarara zilikuwa miongoni mwa vituo vya jaribio lililotangazwa mwaka wa 2022, lenye wagonjwa zaidi ya 800 katika nchi tano za Afrika. Dozi moja kubwa ya AmBisome, pamoja na vidonge, ilionekana haipungukiwi na siku saba za dawa ya zamani, tena kwa madhara machache. Mwaka uleule Shirika la Afya Duniani liliipendekeza. Kwa hospitali yenye vitanda vichache na wauguzi wachache, kubadili sindano za siku nyingi kuwa sindano moja si jambo dogo.

Walakini wako waliotaka chombo kipite mbele ya walinzi bila kuonekana, ili kifike katika uvimbe wa saratani. Karibu na mwaka wa 1990 makundi mbalimbali yaligundua kwamba liposomu ikivikwa nyuzi za polietilini glikoli, ambazo huitwa kwa kifupi PEG, hujizungushia maji kama joho, protini zisipate pa kushika. Badala ya dakika au saa, ikakaa katika damu siku mbili tatu. Dawa ya kwanza ya namna hii, doksorubisini iliyoitwa Doxil, ilipata ruhusa Marekani mwaka wa 1995, na ugonjwa wa kwanza iliouruhusiwa ni sakoma ya Kaposi kwa wenye UKIMWI. Uvimbe ambao matabibu wa Uganda, Kongo na Tanganyika walikuwa wakiuona miguuni mwa wagonjwa wao kabla UKIMWI haujajulikana kokote.

Joho hilo lilisifiwa sana. Kisha mwaka wa 2000 Waholanzi wa Nijmegen wakatangaza jambo lililowashtua wote: wanyama waliochomwa liposomu zenye joho kwa mara ya pili, baada ya siku chache, walizitoa katika damu upesi kuliko mara ya kwanza. Watafiti wa Tokushima katika Japani walifuatilia wakaona sababu. Wengu ulikuwa umeliona joho lenyewe, ukatengeneza kingamwili za kulitambua. Vifuko vya pili vilipokuja vilipakwa alama, vikapelekwa katika ini. Mwizi aliyevaa kanzu ya hakimu hupita mara moja. Mara ya pili askari hukamata kila mwenye kanzu. Ajabu nyingine ni kwamba Doxil yenyewe hupatwa na jambo hili kwa kiasi kidogo tu, kwa kuwa sumu iliyomo huwadhoofisha wale ambao wangetengeneza kingamwili. Tena wako wagonjwa ambao komplementi yao huwaka katika dakika za kwanza za kutiwa dawa za namna hii, kifua kikabana na uso ukawa mwekundu, ndiyo maana wauguzi huanza kwa matone ya polepole.

Maoni yangu ni kwamba waandishi wengi wamekosea kuiita habari hii vita kati ya dawa na kinga ya mwili. Mlinzi wa ini hana uadui na tabibu; anafanya aliyoyafanya tangu zamani za kiluwiluwi cha Messina. Chanjo ndizo zilizolifahamu jambo hili vizuri kuliko dawa, maana chanjo yataka kuonekana. Chanjo ya malaria iitwayo RTS,S, iliyojaribiwa kwa watoto zaidi ya 15,000 katika nchi saba, Bagamoyo na Korogwe zikiwa vituo vya kwetu, hufuatana na kichocheo ambacho ni liposomu: ndani yake mna kitu kilichotolewa katika bakteria na kingine katika gome la mti wa Chile. Vifuko hivyo hufika katika tezi za karibu, hupokewa na chembe walaji zilizokaa mlangoni, nazo ndizo zipigazo mbiu. Chanjo ile ilipunguza malaria kwa wastani wa asilimia 36 kwa watoto wa umri wa kutembea waliopata dozi nne. Si nyingi, lakini katika nchi ya malaria asilimia hizo ni watoto wenye majina. Shirika la Afya Duniani liliipendekeza tarehe 6 Oktoba 2021.

Na sindano aliyoiuliza baba yangu mkubwa? Ina mafuta ya aina nne, na hakuna hata moja ya pamba. Moja ni kolesteroli, ambayo na ng'ombe anayo, naye mzee anayo mwilini mwake. Ya pili ni fosfolipidi, jamii ya zile za Bangham. Ya tatu imetengenezwa na wakemia ili iushike ujumbe na kuuachilia ndani ya chembe. Ya nne imevaa joho la PEG, lakini joho hili, katika vifuko vya namna hii, limefungwa kwa kamba fupi ili livuke upesi. Kwa nini livuke? Kwa sababu wakemia walijifunza kwamba vifuko hivi vikiingia katika damu na kuvuliwa joho huvikwa protini ya mtu mwenyewe, apolipoprotini E, ambayo ni ndugu ya zile zilizovaliwa na chembe za mafuta za damu yetu. Na ini huvipokea kama wenyeji. Dawa ya kwanza ya kutumia mlango huo ilipata ruhusa mwaka wa 2018. Ruhusa ya kupita, iliyotafutwa kwa joho, ilikuwa mikononi mwa mwenye nyumba.

Nilimweleza mzee haya mwaka uliofuata, kwa muda wa jioni mbili. Alisikiliza habari ya Tinde kwa makini kuliko habari ya Uviko. Kisha akauliza kama malale yenyewe yamepata dawa mpya, kwa kuwa Serengeti haiko mbali na mwaka wa 2001 hata watalii waliugua kwa kuumwa na mbung'o katika mbuga zetu. Wakati ule sikuwa na la kumjibu. Sasa ninalo: majaribio ya wagonjwa 45 katika Malawi na Uganda yalifanikiwa, na mwaka wa 2024 Shirika la Afya Duniani likapendekeza feksinidazoli kwa malale ya mashariki. Ni vidonge, havina liposomu wala joho, na huweza kufika katika ubongo ambako suramini haikufika. Vina sharti moja tu ambalo muuguzi hana budi kulisimamia kila siku kwa siku kumi, kwa maana bila ya hilo dawa haiingii vya kutosha katika damu: mgonjwa hula kwanza, akashiba, ndipo ameze.